Hivi gemu mpaka iitwe "kalti klasiki" inatakiwa iwe na nini hasa?

Kijana wa Keko:
Wakuu habari za jumapili. Kuna kitu kinanisumbua tangu juzi. Nimeweka emuleta ya PS2 kwenye laptop, ile programu inayoigiza mashine ya gemu ya PlayStation 2, nikarudi kucheza God Hand, gemu ya ngumi niliyoijulia kwenye kibanda cha gemu nikiwa fomu two, CD yenyewe ya kuchoma haina hata kava, imeandikwa na maka peni MKONO basi. Tuliipenda balaa. Sasa nimeingia mtandaoni kusoma habari zake nakuta wanaiita kalti klasiki, halafu hapo hapo naambiwa ilipotoka 2006 IGN, tovuti ya kuchambua magemu, waliipa 3 kwa 10. Tatu wakuu! Wakati sisi mtu alikuwa anaacha zamu yake ya Winning Eleven, gemu ya mpira, aje aangalie mwenzake anavyopigana. Ndo najiuliza hiyo kalti klasiki ni nini, ni gemu iliyouza kidogo? Iliyoonewa? Au ya zamani tu? Maana kama ni uzamani na kupendwa mbona GTA San Andreas sijaona mtu anaiita hivyo.

Pedi Moja:
Mkuu San Andreas toa kabisa, ile ndo gemu iliyouza kuliko zote kwenye PS2, kila mtaa ilikuwepo, hata asiyecheza gemu anaijua. Kalti klasiki ni ile ambayo ukiitaja watu kumi, tisa wanakuangalia tu, wa kumi anaruka anakushika mkono.

God Hand nakuelezea kwa nini ilipata tatu. Fikiria uko 2006, magemu yote ya ngumi yana kitufe cha kujikinga, halafu inakuja moja haina. Hakuna kujikinga kabisa, unakwepa kwa kile kijiti cha kulia, kamera imekukaa mgongoni huoni anayekuja nyuma, na ukifanya vizuri gemu yenyewe inakuongezea ugumu, leveli 1, 2, 3 mpaka inaandika DIE, ukipigwa inashuka. Mtu mwenye siku chache za kuandika uchambuzi anapigwa saa mbili anachukia. Lakini kaa nayo wiki, panga mapigo yako mwenyewe moja moja kwenye ile menyu, uone kama utaiacha. Ile ilitaka mtu mwenye muda, na sisi kibandani muda tulikuwa nao.

Na aliyeiongoza sio mtu wa kubahatisha, ni Shinji Mikami yule yule wa gemu za kutisha za Resident Evil. Studio yao Clover ilivunjwa muda mfupi baada ya hapo, wakubwa wake ndo wakaenda kuanzisha inayoitwa PlatinumGames, walioleta gemu ya Bayonetta 2009. Kwahiyo ukicheza Bayonetta kule kukwepa kwa sekunde ya mwisho unaona kabisa damu ni ile ile.

Msee wa Likoni:
Hapo kwa kuuza kidogo mimi nakataa kidogo ndugu zangu. Gemu zilizouza kidogo ni elfu na elfu, nyingi zilikuwa mbovu na zimekufa na hakuna anayezililia. Na pia sio lazima wachambuzi wawe wameikataa, angalieni gemu ya Okami, ya Clover hao hao, mwaka huo huo 2006, ilisifiwa kila mahali ikabeba na tuzo lakini dukani watu hawakuinunua vile ilistahili. Hiyo nayo ni kalti klasiki na haikuonewa na yeyote.

Kwangu mimi lazima iwe na kitu kimoja ambacho ukikitafuta kwingine hukipati. Mfano Urban Reign, Namco 2005. Stori yake ya kawaida sana, misheni 100 za kupigana tu, anatokea huyu unampiga anatokea yule. Lakini ile namna unapigana na watu watatu kwa mpigo, unashika mmoja unamrusha kwa mwenzake, na beste yako yuko upande wako kwa pedi ya pili, nitajie gemu nyingine ya siku hizo iliyofanya vile. Huku kwetu tulikuwa tunachanga pesa tuchukue lisaa lizima badala ya mechi moja moja. Na mpaka leo nikiona vijana wanatafuta gemu za kuweka kwa emuleta ya simu, hiyo haikosi, na hao walikuwa hawajazaliwa ikitoka. Nani aliwaambia? Hakuna tangazo lolote, ni mtu na kaka yake mkubwa.

Mama Junior:
Mchango mzuri huo wa Likoni, naongeza kimoja ambacho naona ndo kikubwa kuliko vyote. Gemu inakuwa kalti klasiki pale ambapo watu wanaanza kuifanyia KAZI bila kulipwa.

EarthBound ya Nintendo, Japani ilitoka 1994 Marekani 1995, huko Marekani waliitangaza kwa kusema inanuka, kweli kabisa, waliweka mpaka kadi za kukwangua unuse harufu mbaya. Haikwenda. Lakini waliobaki nayo walijenga tovuti, wakakusanya sahihi kuiomba kampuni, na muendelezo wake Mother 3 ulipotoka 2006 kwa Kijapani peke yake mashabiki wakakaa wenyewe wakaitafsiri yote kwa Kiingereza, wakamaliza 2008. Gemu nzima, kila neno la kila mtu unayekutana naye njiani! Toby Fox katokea kwenye kundi hilo hilo la mashabiki, baadaye akatengeneza Undertale 2015.

Au Vampire Bloodlines, gemu ya kompyuta, iliingia sokoni siku moja na gemu kubwa ya Half-Life 2, tarehe 16 Novemba 2004, halafu imejaa kasoro, kuna sehemu ilikuwa inakwama huendelei. Studio ikafungwa miezi michache mbele. Nani angeirekebisha? Wachezaji. Miaka na miaka wanatoa marekebisho, mpaka wamerudisha vipande vilivyokuwa vimefichwa ndani ya mafaili havijamaliziwa. Mimi nimeicheza kwa sababu yao, bila wao ningeishia kuizima.

Kijana wa Keko:
Dah mama Junior hilo la kazi limenigusa, maana limenikumbusha jamaa mwenye kibanda chetu. Ile CD ya MKONO ilikuwa na mikwaruzo ikawa inakata kwenye bosi mmoja, jamaa akaenda Kariakoo na memori kadi mfukoni kutafuta nyingine, hakuna anayeijua kwa jina hilo, anaelezea tu kuna mtu ana mkono unawaka, siku tatu anazunguka mpaka kaipata. Mteja wa Winning Eleven alikuwa anamletea hela nyingi zaidi, lakini alienda.

Jana usiku nimefika leveli DIE nikakaa nayo kama dakika mbili hivi, nimerekodi. Namba yake ninayo bado, namtumia video sasa hivi.

Pedi Moja:
Itupie na hapa mkuu.