Msaada: sola ya kuchomeka kwenye soketi, nimepanga Njiro

Mpangaji_Njiro: Wakuu habari za jioni. Nimepanga ghorofani Njiro, hapa Arusha. Shemeji yangu yuko Ujerumani, anataka kunitumia ile sola ya balkoni: paneli mbili na inveta ndogo (kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uwe kama wa ukutani) yenye plagi, unachomeka kwenye soketi ya ukutani basi, nyumba inatumia. Kwao inaruhusiwa inveta ya hadi wati 800, unajisajili mwenyewe mtandaoni, na tangu 2024 mwenye nyumba hawezi kumkatalia mpangaji bila sababu ya msingi. Wangu mimi ameshaanza kuguna. LUKU tunachangia wapangaji watatu. Niipokee?

Fundi_Sakina: Mkuu, shemeji amekwambia kwamba umeme ukikatika nayo inazima? Inveta hiyo inafuata umeme wa gridi. Ikiukosa inajizima, isije ikampiga shoti fundi wa TANESCO aliyeko juu ya nguzo. Yaani siku ya mgao, jua la saa saba linawaka na wewe huna hata feni.

Halafu mita. Mchana mmeenda kazini, limebaki friji tu, umeme unaozidi unarudi kwenye laini. Kuna mita za LUKU zinazousoma huo kama mmetumia, uniti zinakatwa. Wenzio utawaeleza nini?

Mama_Kiwanja: Hahaha, ugomvi wa LUKU tumeuzoea, sasa mnatuongezea na wa jua.

Mzee_wa_Pasua: Kijana, kwetu kurudisha umeme kwa TANESCO kuna kanuni zake tangu 2018. Unaomba, mnaandikiana mkataba, inafungwa mita ya kusoma pande zote mbili. Hakuna kuchomeka kimya kimya. Na waya wa nyumba za kupanga nani anaujua? Wati 800 ni kama ampea tatu na nusu zinazoingia kupitia soketi, breka ya kwenye bodi haizioni. Ukiongeza pasi na jagi la umeme kwenye laini hiyohiyo, waya unachemka na breka imetulia tu. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, aukague kwanza.

Mpangaji_Njiro: Duh. Basi atume paneli tupu?

Fundi_Sakina: Za nini kulipia mzigo mzito, paneli zimejaa mjini. Nunua moja ya wati 200, chaji kontrola (ya kulinda betri inapochajiwa), betri ya lithiamu na inveta inayojitegemea, isiyohitaji umeme wa TANESCO. Taa, TV na simu chomeka huko, usiguse waya wa nyumba. Ukihama unabeba. Ila Juni na Julai, kwa mawingu yetu haya, usiitegemee sana.

Mpangaji_Njiro: Na mwenye nyumba?

Mama_Kiwanja: Usimtobolee ukuta tu, atanyamaza.