Naomba ushauri: cheni ya baiskeli nisafishe na nipake nini?

Wakuu habari za saa hizi. Nina baiskeli ya gia, ya mtumba, kila siku natoka nayo Kigamboni navuka na pantoni kwenda mjini, sasa ule upepo wa chumvi na mchanga wa njia ya kwetu cheni imeanza kuota kutu kwenye viungo, nikikanyaga pedeli inalia kwi kwi kwi hadi watu kwenye foleni ya feri wanageuka.

Fundi wa mtaani alinimwagia oili chafu ya gari. Siku mbili kimya kweli, ya tatu cheni nyeusi tii, mchanga umegandia humo kama uji, na suruali ya kazini ndo hivyo tena. Nikahamia WD-40 (ile spray ya kopo), jamaa mmoja akaniambia ile ya kawaida inafukuza maji na kulegeza kutu tu, sio kilainishi cha kukaa, na naona yuko sahihi maana kelele zilirudi fasta.

Sasa nataka nifanye mwenyewe: niisugue kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, ikauke, halafu oili ya cherehani tone moja kila kiungo nifute inayobaki. Ila si nyepesi sana hiyo kwa mvua za masika? Au nitafute yale mafuta maalumu ya cheni, na kama ndo hayo nichukue ya kiangazi au ya mvua, maana huku vumbi na matope vyote vyetu. Kariakoo yanapatikana mtaa gani na bei ikoje?

Halafu nina breki za diski, hizo nazikingaje zisirukiwe na mafuta? Sitaki kuishia chini ya daladala.