Acheni uongo kwenye semina zenu: askari wa Kirumi hakulipwa chumvi!

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko, mods msiuhamishie jukwaa la lugha.

Kila semina elekezi ya waajiriwa wapya lazima iwe na slaidi ile ile: askari wa Kirumi, gunia la chumvi, na maelezo kwamba neno la Kiingereza "salary" limetokana na askari kulipwa chumvi. Halafu mtoa mada anawageukia watu: sasa nyinyi mnaolipwa pesa mnalalamika nini? Uongo huu una kazi yake, jamani. Umewekwa pale ili mtu aone haya kuulizia nyongeza.

Kilicho kweli ni kidogo. "Salary" imetoka kwenye neno la Kilatini salarium, ikapitia Kifaransa cha Wanormani, ikaingia Kiingereza karne ya 14. Na salarium imejengwa juu ya sal, yaani chumvi. Hapo hakuna ubishi. Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka, anasema katika kitabu cha 31 cha kazi yake kuhusu maumbile kwamba chumvi imeingia hata kwenye mambo ya heshima na ya jeshi, na ndiko malipo ya salaria yalikopata jina. Amezungumzia jina tu! Hakusema kuna mtu aliyepimiwa chumvi, na hakuna mwandishi mwingine wa kale aliyesema hivyo. Hiyo habari ya "hela ya chumvi" ni makisio ya wanakamusi. Ipo kwenye kamusi ya Kilatini ya Lewis na Short ya mwaka 1879, imeandikwa kana kwamba kuna mtu aliishuhudia. Waliokuja nyuma wakalidondosha neno "hela", ikabaki chumvi.

Malipo ya askari yalikuwa na jina lake, stipendium, na ndani ya jina hilo mna sarafu na kupima uzito, wala hamna chumvi. Tangu Kaizari Augustus, askari wa kawaida wa lejioni (kikosi kikuu cha jeshi la Roma) alipata dinari 225 za fedha kwa mwaka, kwa awamu tatu za 75. Kaizari Domitianus akapandisha hadi 300. Haya si ya kukisia, maana slipu ya mshahara ipo! Ni karatasi ya mafunjo kutoka Misri, ya mwaka 81 hivi, sasa iko Geneva. Awamu moja: drakma 248 (drakma ni pesa iliyotumika Misri). Makato: nyasi kavu 10, chakula 80, viatu na kamba zake 12, nguo 60, na drakma 20 za sikukuu ya Saturnalia kambini. Jumla ya makato 182, salio 66, limewekwa akiba. Ndiyo, mchango wa sherehe ya mwisho wa mwaka unaokatwa juu kwa juu ulikuwepo tangu enzi hizo. Weka HIYO kwenye slaidi, watu watakuelewa bila kufafanuliwa.

Na salarium alilipwa nani? Wakubwa. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anaandika kwamba Agricola, aliyewahi kuwa gavana wa Britania, alinyimwa salarium ambayo kwa kawaida ilitolewa kwa gavana wa ngazi ya juu. Kwa hiyo ukiitafutia tafsiri ya leo, ni karibu zaidi na posho ya kigogo kuliko ujira wa koplo.

Sasa lile dai la pili, kwamba chumvi ilikuwa ghali kama dhahabu. Cato, mwandishi wa Kirumi aliyefundisha jinsi ya kuendesha shamba bila kupoteza hata senti, anaagiza kila mtumwa apewe modio moja ya chumvi kwa mwaka, kama lita 8 na ushee. Nani anampa mtumwa dhahabu ya kuunga mboga? Njoo kwenye amri ya bei ya Kaizari Diocletianus ya mwaka 301: kipimo cha jeshi cha chumvi dinari 100, cha ngano dinari 100. Bei moja. Kibarua wa shamba alipata dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. (Dinari hizi zilikuwa zimeshaporomoka thamani, usizilinganishe na zile 225.) Kipimo hicho kilikuwa kati ya lita 13 na 17. Fanya hesabu: kibarua wa siku 25 kwa mwezi, akilipwa chumvi tupu, angeondoka na ndoo nne hadi tano za lita 20. Kila mwezi. Angempelekea nani?

Mkitaka malipo ya chakula kweli, mbona mnakwenda Roma na kuiruka Bagamoyo? Mpagazi wa msafara wa kwenda Tabora na Ujiji alipimiwa nafaka kwa kibaba, robo ya pishi, au akapewa nguo na shanga akanunulie chakula njiani. Hiyo ndiyo posho. Uganda mpaka leo neno hilo ni ugali wenyewe; huku kwetu limepanda cheo, limevaa suti na kukaa kwenye vikao.

NYONGEZA: Mmoja hapo chini anauliza kama mshahara nao una chumvi. Hauna. Ni Kiarabu, mushahara, makubaliano ya mwezi kwa mwezi, kutoka shahr, mwezi. Ile mu- ya Kiarabu tumeisikia kama kiambishi chetu, ndiyo maana tunasema mishahara kama miti na mikate. Ila mwezi nao una ujanja wake: kwenye mashamba ya mkonge enzi za ukoloni mtu alilipwa akimaliza kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Siku usiyofanya kazi haikuhesabiwa, kwa hiyo mwezi wa kwenye kipande ungeweza kula miezi miwili ya angani.

NYONGEZA 2: Anayesema chumvi haijawahi kuwa pesa popote, na wewe umezidisha. Ethiopia walitumia amole, vipande vya chumvi vilivyokatwa kwenye jangwa la Danakil, sokoni kabisa, hadi karne ya 20. Lakini "salary" haikutoka Ethiopia.

Na watoa mada, kama slaidi lazima iwepo, andikeni hivi: "Neno linatokana na chumvi, kwa nini, haijathibitishwa." Maneno saba, yanaenea.