Mbu waliobadilishwa vinasaba: nani atoe ridhaa ya kuachiwa kwao?

Mleta mada, Sinza

Ndugu zangu, naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo limekwisha kufika mlangoni kwetu, ingawa wengi wetu bado tunalisikia kama habari za mbali. Mwishoni mwa mwaka 2025 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake wa Imperial College London. Watafiti hao, wakifanya kazi katika maabara yenye ulinzi maalumu hapa hapa Tanzania, wametengeneza mbu wa aina ya Anopheles gambiae ambaye vinasaba vyake vimebadilishwa ili asiweze kuambukiza malaria kwa urahisi.

Nitaeleza kwa kifupi jinsi anavyofanya kazi, kwa sababu mjadala wa jambo lisiloeleweka huishia kwenye hofu au kwenye ushabiki. Mbu huyu amepachikwa jeni zinazotengeneza vipande viwili vidogo vya protini: kimoja asili yake ni ngozi ya chura wa Afrika, kingine ni sumu ya nyuki. Anaponyonya damu, vipande hivyo hutolewa tumboni mwake na kudumaza vimelea vya malaria. Kwa kawaida vimelea huhitaji takribani siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu, naye mbu maisha yake ni mafupi. Vikicheleweshwa, mbu hufa kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Watafiti waliwajaribu mbu hao kwa vimelea vilivyotoka kwenye damu ya watoto wa Kitanzania wenye maambukizi halisi, si vile vilivyozoea kufugwa maabara za Ulaya, na matokeo yalikuwa mazuri.

Sehemu ya pili ndiyo inayoleta ubishi. Katika urithi wa kawaida, jeni ya mzazi mmoja hufika kwa takribani nusu ya watoto. Hapa kuna kimeng'enya kiitwacho Cas9 ambacho hukata kromosomu (uzi unaobeba jeni) iliyotoka kwa mzazi wa pili, mahali palipokusudiwa, na seli inapojitibu hunakili jeni mpya kwenye jeraha hilo, kiasi kwamba karibu watoto wote huirithi. Kizazi baada ya kizazi, jeni hiyo inaweza kuenea kwa mbu wa eneo zima. Katika utafiti wa Ifakara sehemu hizi mbili zilitenganishwa kwa makusudi, na hakuna mbu aliyeachiwa. Hata hivyo, kuachiwa ndiko kunakofikiriwa baadaye, na visiwa vya Ziwa Victoria vimetajwa kuwa mahali panapoweza kufaa kwa kuanzia.

Msimamo wangu nauweka wazi. Utafiti uendelee, tena kwa fedha za kutosha, lakini mbu hata mmoja asiachiwe mpaka ipatikane njia ya kuomba na kupokea ridhaa ya jamii nzima, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Chanjo ya malaria ya R21 ilipojaribiwa Bagamoyo, kila mama alikuwa na haki ya kusema hapana, akambeba mwanawe na kurudi nyumbani. Mbu akishatoka, hakuna mama atakayekuwa na haki hiyo.

Nilimweleza haya mama yangu mkubwa jioni moja tukiwa barazani. Alinisikiliza huku akichambua mchele, kisha akaweka ungo chini akauliza: "Akimng'ata mjukuu wangu, hiyo sumu ya nyuki haiingii kwenye damu yake?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza, na nimekuwa nikilifikiria swali hilo tangu siku ile.

Mama wa watatu, Kigogo

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo, lakini nasikitika kuona neno "mpaka" likiwekwa kirahisi hivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani, na asilimia 4.3 ya vifo hivyo ilikuwa ya Tanzania. Walio wengi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mwanangu wa pili alipata malaria kali akiwa na mwaka mmoja na nusu. Alianza na homa mchana, jioni akawa anakakamaa mikononi mwangu ndani ya bajaji, na damu aliyoongezewa usiku ule ilitoka kwa jirani. Alipona, namshukuru Mungu. Wa kitanda cha pili yake hawakupona.

Wanaosema tusubiri wahesabu pia wanaokufa wakati wa kusubiri. Ridhaa yangu mimi hakuna aliyewahi kuiomba kabla ya mbu wa sasa kuingia chumbani kwangu.

Mwalimu wa baiolojia, Tabata

Nianze na swali la mama mkubwa, kwa kuwa ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Vipande hivyo vya protini vimewekewa utaratibu wa kutengenezwa tumboni mwa mbu baada ya kunyonya damu. Kinachoingia mwilini mwa mtu wakati wa kung'atwa ni mate ya mbu, na mate hayatengenezwi mahali hapo. Kwa hiyo kwa jinsi mbu huyu alivyoundwa, sumu hiyo haitarajiwi kumfikia mjukuu. Nasema "haitarajiwi" kwa sababu kabla ya kuachiwa jambo hilo linapaswa kupimwa na matokeo yake kutangazwa, badala ya kutegemea mchoro wa muundo peke yake.

Wasiwasi wangu uko kwingine, na nashangaa hautajwi mara nyingi. Mbu aliyebadilishwa ni Anopheles gambiae. Katika bonde la Kilombero, ambako Ifakara wenyewe wamefanya kazi kwa miongo mingi, tafiti zao zimeonyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi huletwa na mbu mwingine, Anopheles funestus. Jeni hizi haziwezi kuvuka kwenda kwa funestus kwa njia ya kuzaliana. Tukifanikiwa kwa asilimia mia moja kwa gambiae, bado kuna wilaya ambazo mama hataona tofauti yoyote. Siupingi utafiti, ninachokataa ni kuitwa suluhisho kitu ambacho ni sehemu moja tu ya suluhisho, kwa sababu fedha za vyandarua hupunguzwa na watu wanaoamini kuwa suluhisho limeshapatikana.

Mkazi wa Mbezi

Brazil waliachia mbu wa maabara katika mji wa Jacobina, wakaambiwa vinasaba vyao havitabaki. Mwaka 2019 watafiti wakakuta vipande vya vinasaba hivyo kwa mbu wa mtaani. Burkina Faso nao waliachia mbu madume tasa katika kijiji cha Bana mwaka 2019, na Agosti 2025 serikali yao ikasimamisha shughuli zote za mradi huo. Sisi tunataka kujifunza nini zaidi?

Mwalimu wa baiolojia, Tabata

Ndugu yangu wa Mbezi, mifano yako ni ya kweli lakini haijakamilika. Wale wa Jacobina walikuwa mbu wa dengue, wa aina nyingine na teknolojia nyingine isiyojisambaza, na jarida lililochapisha utafiti ule lilitoa baadaye tahadhari kwa wasomaji kuhusu baadhi ya hitimisho lake. Wale wa Bana walikuwa tasa, hawakuweza kuacha kizazi. Kusimamishwa kwa mradi wa Burkina Faso ni uamuzi wa serikali; hakukuwa ushahidi kwamba mtu yeyote alidhurika. Tuwe waangalifu, kwa maana hoja dhaifu huiangusha hata hoja nzuri iliyosimama kando yake.

Aliyekuwa mnyunyizaji wa dawa ya viluwiluwi, Vingunguti

Nimesoma yote na naomba kusema machache kutoka kwenye mifereji. Mpango wa kudhibiti malaria mjini Dar es Salaam ulianza mwaka 2004 na ukafika kata 15. Mimi nilikuwa mmoja wa vijana wa mtaa waliopewa buti, mfuko wa dawa na kata nyeupe ya plastiki yenye mpini mrefu. Kazi yetu ilikuwa kupita kila dimbwi, kila tuta la mchicha, kila shimo la msingi wa nyumba lililoachwa wazi, kuchota maji na kutazama. Kiluwiluwi wa mbu wa kawaida, yule anayetupigia kelele usiku, huning'inia kichwa chini na kutoa bomba la kupumulia juu ya maji. Kiluwiluwi wa mbu wa malaria hulala bapa chini ya uso wa maji, kama uzi mfupi ulioanguka. Ukishajua hivyo huhitaji maabara. Unatambua kwa macho, ukiwa umeinama juani na maji yamefika kwenye vifundo vya miguu.

Dawa tuliyotumia ni bakteria wanaoua viluwiluwi bila kumdhuru mtu wala kuku. Kibaha kuna kiwanda cha dawa ya aina hiyo kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba. Tatizo letu halikuwa sayansi. Tatizo lilikuwa kwamba ukikosa kupita wiki moja, viluwiluwi wanakuwa mbu, na wiki za kukosa kupita zilikuwa nyingi kila posho ilipochelewa. Siku hizi napita kwenye maeneo yale yale baada ya mvua za masika na naona madimbwi yale yale. Ninachowauliza wataalamu kwa heshima ni hiki: ikiwa kazi ya buti na kata imetushinda kuitunza, tutaweza kuitunza kazi ya kufuatilia jeni inayotembea kwa mabawa, mwaka hadi mwaka, kisiwa hadi bara?

Mwanasheria, Upanga

Swali la ndugu wa Vingunguti ndilo kiini cha suala zima, na lina upande wa kisheria. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za usalama wa baiolojia za mwaka 2009, zilizorekebishwa mwaka 2015 ili kuruhusu majaribio ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba katika eneo lililozungushiwa uzio. Tunakumbuka kilichofuata: jaribio la mahindi la Makutupora, Dodoma, lilisimamishwa na serikali mwezi Novemba 2018. Mahindi yale yaling'olewa na kuharibiwa, na habari ikaishia hapo. Kanuni zilizofikiriwa kwa mmea wenye mizizi ardhini haziwezi kuvalishwa kiumbe kinachoruka bila kushonwa upya.

Kuhusu ridhaa, nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuai, Tanzania ikiwemo, walikubaliana mwaka 2018 huko Sharm el-Sheikh kwamba kabla ya kuachia viumbe wenye jeni za kujisambaza, itafutwe, inapohusika, ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa kamili ya jamii zinazoweza kuathirika. Maneno "inapohusika" ndiyo mlango ambao kila mtu hupitia anapotaka kukwepa. Mimi ningependa sheria yetu iyafute, kisha ieleze mambo matatu waziwazi: mkutano wa kijiji au mtaa una uzito gani, nani analipa kukitokea madhara, na nani ana mamlaka ya kuamuru kazi isimame bila kuomba ruhusa ya mfadhili.

Kwa dada wa Kigogo: sina la kukupinga kuhusu mwanao. Lakini naona kwamba mradi usio na ridhaa utaanguka siku ya uvumi wa kwanza, na kuanguka huko kutawagharimu watoto miaka mingi kuliko kusubiri kwa utaratibu.

Mama wa watatu, Kigogo

Nimekuelewa, kaka. Basi utaratibu huo uanze mwaka huu. Kwa mujibu wa Wizara ya Afya, maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi asilimia 8.1 mwaka 2022, na sasa utafiti uliofanyika Karagwe, mkoani Kagera, umeonyesha vimelea vilivyoanza kustahimili dawa mseto tunayoitegemea. Muda tunaogawana kwa ukarimu katika mjadala huu si wetu wote kwa usawa. Nitakubali kusubiri kwa ajili ya mikutano yenye tarehe. Kusubiri kusiko na tarehe sitakukubali.

Mleta mada, Sinza

Naomba nikiri kwamba mjadala umenisogeza. Nilianza na ridhaa peke yake. Ndugu wa Vingunguti amenionyesha kwamba ridhaa ya siku moja haina maana bila posho ya miaka 20 ya anayefuatilia, na dada wa Kigogo amenionyesha kwamba neno langu "mpaka" lilikosa tarehe. Ninaliandika upya: matokeo yote ya maabara yatolewe kwa Kiswahili sasa, mikutano ya visiwani ianze kabla ya ombi lolote la kuachia mbu kuwasilishwa, na fedha za ufuatiliaji zitengwe pamoja na fedha za utafiti, si baada yake. Na mifereji ya Dar es Salaam isisubiri lolote kati ya hayo.

Jana usiku nilimsomea mama mkubwa jibu la Mwalimu kuhusu mate ya mbu. Aliridhika nalo. Kisha akauliza jingine: "Na wakishatoka, wanaweza kuitwa warudi?" Mwalimu, naomba umjibu na hili.

Mwalimu wa baiolojia, Tabata

Mwambie hivi, kwa heshima zangu. Huyu wa sasa, ambaye sehemu zake mbili zimetenganishwa, hawezi kujisambaza peke yake. Akitoka leo, jeni yake haina cha kuisukuma ienee. Atakayeunganishwa sehemu zote mbili ni jambo jingine. Kuna jeni za kumzuia zilizofanya kazi kwa mbu wa vizimbani maabara, lakini nje, kwenye nyasi na madimbwi, hakuna aliyewahi kuwaita wakarudi.