Lishu ya Jilin na Lishu ya hati: namna ya kuzitenganisha

Ujumbe wa kwanza, kutoka Beijing

Ndugu zangu, salaam. Ninasoma kilimo, na mwezi ujao nitakwenda kwenye mashamba ya mahindi ya Lishu. Karatasi niliyopewa ina jina hilo kwa herufi za Kilatini peke yake. Nilipolitafuta kwenye simu, kwanza zilikuja kurasa nyingi za brashi na wino, kisha ramani ikanipeleka kwenye machimbo ya makaa ya mawe huko Heilongjiang. Naomba mwenye kujua anieleze Lishu yangu ni ipi na tiketi nikate ya wapi.

Jibu, kutoka Jinhua

Ndugu yangu, kwa kuwa umetaja mahindi, nina hakika unakwenda wilaya ya vijijini ya Lishu, katika jimbo la Jilin, iliyo chini ya mji wa Siping. Ni eneo la udongo mweusi, na linajulikana kwa kilimo cha kuacha mabua shambani baada ya mavuno ili yafunike udongo usichukuliwe na upepo. Ile ya makaa ya mawe ni wilaya ya mjini ya Lishu katika mji wa Jixi, mamia ya kilomita kaskazini mashariki, karibu na mpaka wa Urusi. Zote mbili huandikwa 梨树, maana yake mti wa pea, kwa hiyo hata Kichina chenyewe hakizitenganishi mpaka jimbo litajwe.

Zile kurasa za brashi ni jambo jingine kabisa. Lishu ya hati ni 隶书, yaani mwandiko wa makarani. Ulianza kutumika katika ofisi za enzi ya Qin, karne ya 3 kabla ya Kristo, kwa sababu hati ya mihuri iliyotangulia ilikuwa na mistari ya mviringo iliyochelewesha kazi. Makarani wakainyoosha mistari hiyo, na katika enzi ya Han iliyofuata mwandiko wao ukafikia uzuri wake kamili. Herufi zake ni pana na fupi, na mstari mkuu wa ulalo huanza kwa kichwa kinene, kama cha kiwavi wa hariri, ukaishia kwa ncha iliyochanua, kama mkia wa mbayuwayu. Jitahidi kuujifunza ukipata nafasi, maana bado unatumika kwenye vibao vya maduka na maandishi ya makumbusho, na mgeni aliyezoea herufi za simu pekee hukwama mbele yake.

Majina haya yamegongana kwa sababu pinyin, yaani namna rasmi ya kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, iliyopitishwa mwaka 1958, ina alama za toni, za kuonyesha sauti inavyopanda au kushuka, lakini ramani na karatasi nyingi huziacha. Lishu ya mti huanza kwa sauti inayopanda na kumalizika kwa inayoshuka. Lishu ya hati huanza kwa inayoshuka na kumalizika kwa sauti ya juu iliyonyooka. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalijua jambo hili kwa kadiri ndogo: barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa huandikwa vilevile, na ni mkazo tu unaozitenganisha mdomoni. Kwa macho, angalia alama ya mti, 木: katika 梨 imekaa chini, katika 树 imekaa kushoto. Katika jina la hati haimo.

Niongeze tahadhari moja ya safari. Reli ya mwendo kasi ya Beijing hadi Shanghai ina Suzhou Mashariki, iliyo Anhui na kuandikwa 宿州, na ina Suzhou Kaskazini, ya ule mji maarufu wa bustani na mifereji huko Jiangsu, 苏州. Kwa anayetoka Beijing, ile ya Anhui hutangulia, na Nanjing iko kati yao. Anayesikia Suzhou akasimama na mabegi yake atashuka mbali sana na alikokusudia. Fuzhou nazo ni mbili, moja ya Fujian na nyingine ya Jiangxi. Kwa hiyo usikubali jina la mahali kwa Kilatini peke yake. Omba uandikiwe kwa Kichina, jimbo likitangulia, kama Wachina wenyewe wanavyoandika anwani.

Jibu, kutoka Yiwu

Wanangu, haya yamenigharimu fedha. Nilinunua ndoo na mabeseni ya plastiki nikataka yatoke kiwandani Taizhou ya hapa Zhejiang, nami nikaandika jina kwa Kilatini. Dereva wa kukodi akaenda Taizhou ya Jiangsu, siku mbili zikapotea na nauli nikailipa mara mbili. Siku hizi naandika 浙江台州 kwa kalamu nene kwenye kila karatasi, kisha namwomba dereva alisome jina kwa sauti pamoja na la jimbo kabla hajaondoka.

Ujumbe wa mwisho, kutoka Beijing

Shikamoo mama, na asante sana kaka. Nimemwandikia msimamizi wangu, naye amenijibu: 吉林省四平市梨树县, yaani jimbo la Jilin, mji wa Siping, wilaya ya Lishu. Alama ya mti nimeiona katika herufi zote mbili za Lishu. Nakata tiketi ya Siping Mashariki, na kutoka hapo nitakwenda kwa gari.