Naomba ushauri: themostati ya nyuzi 76.5 kwenye Corolla 110

Habari za majukumu wakuu. Nina Corolla 110, injini 5A-FE, natembelea hapa Njombe na Iringa mara mojamoja. Themostati ya zamani (vali inayofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta yakipata moto) ilikwama ikiwa imefunga, gari ikaanza kuchemsha. Fundi akafunga nyingine iliyoandikwa 76.5, yaani nyuzi joto inapoanza kufunguka; iliyotoka ilikuwa 82. Eti injini ikizeeka inataka ubaridi.

Kuchemsha kumeisha, hilo nashukuru. Ila kwa baridi hii ya Juni mshale wa joto haufiki pale ulipozoea, hita inatoa uvuguvugu tu, na petroli inaisha haraka. Hapo naelewa kidogo: kompyuta ikiona maji bado ya baridi, inaongeza mafuta. Kinachoninyima usingizi ni chini ya mfuniko wa oili, kuna utando mweupe kama mtindi.

Maji ya rejeta hayapungui wala hayana mafuta juu. Stiki ya oili ni safi, na injini ikipata moto sioni moshi mweupe. Sensa ya joto nimebadilisha, hali ni ileile.

Sasa wakuu, huo utando ni unyevu uliokosa joto la kuukausha, au gasketi ya silinda hedi imeanza kuvujisha maji kwenye oili? Na nikirudisha ya 82, itachemsha tena nikipandisha mlima Kitonga? Rejeta haijazibuliwa tangu niinunue gari, na nijuavyo themostati ikishafunguka yote, kazi ya kupooza inabaki kwa rejeta na feni.