Kurudi na baiskeli usiku baada ya bia mbili tatu, ina shida kweli?

mchaga_wa_paje

Wakuu habari za jioni. Mimi mtu wa Moshi ila kazi iko huku Paje, Unguja, mwaka wa tatu sasa, nipo kaunta hotelini, chumba nimepanga Jambiani kwa sababu Paje kodi imeshakuwa ya wageni. Usafiri wangu ni baiskeli, Phoenix nyeusi ya kiume ya mtumba. Tukifunga wafanyakazi tunakaa nyuma ya stoo tunapata Safari mbili tatu za baridi halafu kila mtu anashika njia yake. Wenye pikipiki najua wanatafuta balaa, ila baiskeli jamani inahesabika? Haina injini, sina leseni ya kunyang'anywa, nikianguka naanguka peke yangu.

Sijawahi kuanguka. Wiki iliyopita tu niliingia kwenye mchanga pembeni ya lami nikajikuta nimekaa chini baiskeli imenilalia miguuni, tairi la mbele bado linazunguka linalia tik tik tik, nikacheka mwenyewe nikainuka. Asubuhi nikakuta kiwiko kimechubuka na shuka lina damu, na sikumbuki kabisa nilifikaje nyumbani kutoka pale. Hiyo ndio imenifanya niulize. Najua wengi humu hamnywi, naomba tusitukanane.

yakhe_wa_wete

Hakuna wa kukutukana yakhe, ungeuliza pombe yenyewe ningekujibu kwa neno moja lakini umeuliza baskeli. Ila umesema hujawahi kuanguka, na hapo hapo ukatuhadithia ulivyoanguka mpaka tairi ikalia. Sasa tushike lipi?

fundi_spoku

Mie natengeneza baskeli mwaka wa kumi na tano huu na n'takwambia kitu, rimu ya mlevi naijua hata akija anadai kagongwa na gari ya ng'ombe. Mtu mzima wa akili akiona anaanguka anaachia usukani anatanguliza mguu, kwa hiyo baskeli inalala ubavu, unakuta pedeli imepinda, usukani umezunguka, basi. Mlevi yeye hashtuki mapema, anakwenda nayo mpaka mwisho, tairi ya mbele ndio inakula ukuta au shimo, rimu inakuja kama namba nane na foki imerudi nyuma mpaka tairi inagusa chuma. Spoku nane kumi zimekatika kwa mpigo mmoja. Na kila mmoja ananambia nlikuwa nakwenda pole pole! Sasa huko pole pole ndiko kunakomuangusha, mana baskeli ikiwa na mwendo inasimama wenyewe kiasi, ukiwa mdogo mdogo lazima usukani uurekebishe kila sekunde kidogo kushoto kidogo kulia, nawe mkono umeshachelewa. Mtazame mtoto anaejifunza, hayumbi akikimbia, anayumba akianza na akitaka kusimama.

Halafu breki. Ukilewa unaikamata ya mbele yote kwa pupa, unapaa juu ya usukani kama gunia la nazi.

Na taa unayo? Usinambie tochi ya simu mdomoni.

mchaga_wa_paje

Dainamo ilikufa, natumia tochi ya simu... sio mdomoni lakini, naishika na usukani mkono mmoja 😅

fundi_spoku

Haya. Umenijibu.

bintikarafuu

Kaka'ngu mimi nafanya kazi ya uuguzi, nikupe hesabu labda itakuingia kuliko waadhi. Safari ya chupa ni mililita 500 na ina asilimia 5.5, ukipiga hapo ni kama gramu 22 za alkoholi tupu ndani ya chupa moja. Ini la mtu mzima linasafisha takriban gramu 7 mpaka 10 kwa saa, halina haraka, kahawa hailihimizi, kuoga maji baridi hakulihimizi, urojo wa Forodhani wenye pilipili zote za dunia pia hauhimizi. Kwa hiyo chupa moja inataka saa mbili na zaidi. Wewe unakunywa tatu, tuseme umeanza saa tatu usiku umemaliza saa tano, gramu 65 hizo, adhana ya alfajiri ndio inakukuta unamalizikia. Saa tano na nusu unapopanda baskeli sehemu kubwa ya mzigo bado iko mwilini, na kwa mtu wa kilo sabini hapo umeshapita ile asilimia 0.08 ya pombe kwenye damu ambayo kwa dereva wa gari ni kosa.

Na pombe inaanza na vile vile vitu ambavyo baskeli inavitaka. Mizani ya mwili inakaa nyuma ya ubongo na ndani ya sikio, kote kunaingia. Mwenye gari akilewa, gari angalau inasimama kwa magurudumu manne hata yeye akisinzia. Baskeli inasimamishwa na wewe.

Lakini kilichonitisha mimi ni kwamba hukumbuki njia. Inawezekana ni pombe, inawezekana uligonga kichwa. Nimeona mgonjwa kaletwa asubuhi, jana yake jioni kaanguka na baskeli, wenzake wakasema kalewa tu muacheni alale, wakamfunika kanga. Hakuwa amelala. Damu ilikuwa inavujia ndani ya fuvu. Kwa hiyo mwambie unaekaa nae, mtu aliekunywa kisha akaanguka msimuache alale hivi hivi, muamsheni kila baada ya muda, mkiona anatapika tena na tena, au mboni ya jicho moja kubwa kuliko la pili, au haamki vizuri, au anaongea maneno yasiyofungana, ni hospitali usiku huo huo. Na ukiumwa na kichwa siku hizi nenda kapimwe, usione haya.

mwani_na_bahari

Mie niliacha miaka mingi Alhamdulillahi lakini nikupe yangu mana najua unachokwenda kufikiria baada ya hapa, utasema basi sipiti barabarani nipite pwani. Nilifanya hivyo. Maji yakitoka mchanga wa kwetu unakuwa mgumu kama saruji, baskeli zinapita kutoka Paje mpaka Jambiani raha mustarehe, wala gari hakuna, nikasema huku nianguke nitaangukia mchanga. Kusi lilikuwa linavuma nami nakwenda kusini, upepo wote usoni, nikainamisha kichwa nikawa napiga pedeli tu sioni mbele. Nikawa naelekea kushoto najiona naelekea sawa sawa kumbe naelekea baharini, nikaingia kwenye mashamba ya mwani. Sasa ikiwa huyajui, vile ni vigingi vya mti vimepigwa mstari na kamba zimefungwa kigingi hadi kigingi, usiku huzioni. Kamba ikashika tairi ya mbele. Mie nilitua na kidevu juu ya kigingi, kovu ninalo mpaka leo chini ya ndevu.

Na wala hilo silo. Nilikaa pale nikapitiwa na usingizi, nilichokuja kuamshwa nacho ni maji yapo kiunoni, yanajaa. Baskeli sikuiona. Mama mmoja aliipata siku ya pili wakati wa kwenda kufunga mwani, akanirudishia na bili ya kamba zake tatu nilizozikata, nikalipa, na mtaa mzima ukajua kwa nini nalipa. Mtu nimemficha mke wangu miaka kwamba nakunywa, bahari imenitoa kwa wiki moja.

mpemba_manchester

Kuhusu "inahesabika?", huku nilipo inahesabika. Uingereza ukikamatwa unaendesha baskeli barabarani umelewa hujiwezi, faini mpaka pauni 1,000. Ujerumani wao wana kipimo, mpanda baskeli akikutwa na 1.6 kwa elfu kwenye damu ni jinai hata kama hakumgusa ntu. Japani ndio wamekaza kabisa, tangu Novemba 2024 baskeli na pombe ni kifungo mpaka miaka 3 au faini mpaka yeni laki tano, na aliekuuzia pombe akijua utapanda baskeli nae ana kesi, na aliekuazima baskeli pia. Weye wa kaunta, unajiuzia mwenyewe na baskeli yako mwenyewe, sijui wangekufunga mara ngapi.

mchaga_wa_paje

Hahaha. Aisee nashukuru, hasa dada muuguzi, kesho naenda kupima maana kichwa kweli kinagonga upande mmoja ila nilidhani ni jua. Kwa hiyo tuseme nikinywa niisukume tu kwa miguu mpaka Jambiani? Ni kama saa nzima lakini basi.

mpemba_manchester

Sukuma, ila usije kuisukumia huku. Mwaka 1950 kule Ilfracombe, Devon, nlevi mmoja alikamatwa hakupanda, kaishika baskeli anaisukuma tu barabarani. Wakamtolea sheria ya mwaka 1872 inayomkataza mlevi kuwa na gari, farasi, ng'ombe au mashine ya mvuke njiani, mahakama ikasema baskeli nayo ni gari. Mwezi mmoja jela. Sasa fikiria sheria hiyo ya ng'ombe ingeletwa Unguja, gari za ng'ombe zote hizo.

yakhe_wa_wete

Ng'ombe mwenyewe anaijua njia ya nyumbani, mwenye gari akilala yeye anafika. Tatizo Phoenix haijui Jambiani iko wapi.

fundi_spoku

Lete hiyo dainamo niitazame, mara nyingi ni waya tu. Na foki niipime hata kama unaiona imenyooka.

mchaga_wa_paje

Mrejesho wakuu. Nimepimwa, wamesema nilitikisika ubongo kidogo, hakuna damu, nikapewa wiki moja ya kukaa bila jua wala pombe. Foki fundi kaipima, imepinda kidogo kweli. Tumeelewana na mlinzi wetu wa usiku, mzee wa Kitogani, mswalihina hajawahi kuonja hata mbege, kila nikiingia kazini namuachia ufunguo wa kufuli ya baiskeli, nikitoka lazima nimpumulie usoni ndio anipe. Jana sikunywa kitu, nimepiga soda mbili tu, akanusa akasema bado. Nikamwambia mzee hii ni harufu ya kaunta, imo kwenye shati. Akasema basi vua shati. Nimeondoka nalo begani saa tano usiku watalii wananitazama.